Vigingi Vilivyochipua

Jembe lilipotua, ardhi iliitika.

Karwirwa aliacha mikono juu ya mpini akasikiliza. Jiwe alilijua. Jiwe hugonga mara moja, kwa ufupi, na kukurudishia uchungu wako kwenye viganja. Mzizi hauna sauti, hushika tu. Kilichoitika sasa chini ya udongo kiliitika kwa muda, kama ringi ya lori inayogongwa shuleni kuwaita watoto, na mtetemo wake ukapanda kwenye mpini hadi mabegani.

Ukungu ulikuwa bado haujainuka kutoka msituni. Alikuwa amelima tangu kulipokucha akiwa na kikombe cha uji tumboni, uji wa yale mahindi ya manjano ya msaada, yaliyonuka gunia hata baada ya kusagwa. Hakuna aliyeyapenda. Hakuna aliyeyakataa. Mwaka mzima mvua ilikuwa imeupita mlima bila kugeuka, na watu wa mteremko huu juu ya Kiirua, waliozoea kuwauzia wengine viazi, walikuwa wamejifunza kupanga foleni na sufuria mikononi. Sasa mvua ilikuwa imerudi, na kila aliyekuwa na jembe alikuwa akikimbizana nayo.

Alipiga magoti, akafukua kwa vidole. Kwanza kutu. Kisha mgongo wa chuma, mviringo, mnene kama paja la mtu mzima, umelala kimshazari ukiingia ardhini. Nyuma yake kulikuwa na mapezi mafupi ya bati, moja limekunjika. Akaondoa mkono polepole, kama mtu anayemwacha mtoto aliyeshikwa na usingizi.

"Cicily," aliita, bila kupaza sauti.

Jirani yake alikuwa ng'ambo ya mpaka, gunia kiunoni, mtoto mgongoni. "Nini tena?"

"Njoo uone. Acha jembe huko huko."

Cicily alikuja akatazama. Alikuwa mwanamke mwenye mzaha kwa kila jambo. Hata njaa ilipokuwa kali alikuwa akisema panya wa nyumbani kwake wamehamia kwa matajiri. Safari hii mzaha ulichelewa.

"Hicho si kiazi," alisema mwishowe.

"Si kiazi."

"Basi kifunike."

Hawakuhitaji kuambiana ni nini. Walikuwa wasichana wadogo wakati ndege za serikali ya mkoloni zilipokuwa zikipita juu ya vijiji vya kambi kwenda kuutwanga msitu, kwa sababu wapiganaji walikuwa humo. Watoto walihesabu milio. Mabomu mengine yalilia, mengine yalizama kwenye tope na kunyamaza. Baadaye uhuru ulikuja, msitu ukapata mwenyewe mwingine, na vile vyuma vilivyonyamaza vikabaki vikingoja, kwa kuwa hakuna aliyevipelekea habari kwamba vita vimekwisha.

Mume wa Karwirwa, Muthamia, alikipata kimoja. Yeye na wenzake walikuwa wamepewa mashamba ya msitu, kama ilivyo desturi hapa: serikali inakata miti yake mikubwa, wewe unasafisha mahali hapo, unapanda viazi vyako katikati ya miche yake, na miche ikikuzidi kimo unaondoka na jembe lako. Muthamia alikusanya matawi makavu akayatia moto, kama kila mkulima anavyofanya kabla ya kulima. Walimleta nyumbani ndani ya blanketi, na blanketi lilikuwa jepesi. Ofisi ya msitu ilisema ni jiwe lililopasuka kwa moto.

Na kweli, mawe hupasuka kwa moto. Lakini baada ya kusema ni jiwe, waliwaleta watu wa kutafuta vyuma.

Walikuja na shirika lile lile lililoleta mahindi. Kulikuwa na Mzungu mmoja na vijana waliotoka mbali, wenye mashine za fimbo ndefu zilizoimba zikipita juu ya chuma. Kule chini, karibu na kijito, walichomeka vigingi vya chuma vyenye vichwa vyekundu kila mashine ilipoimba, wakafunga kamba, wakafukua, wakalipua. Huku juu hakuna aliyeruhusiwa kuja. Kisha Krismasi ikafika, wakaondoka. Baada ya hapo ikatangazwa kwamba mteremko wote ni safi, na mwenye nguvu aje achukue shamba.

Karwirwa alitazama kigingi kilichokuwa karibu na goti lake.

Kilikuwa cha muuti, ule mti wa miiba wenye maua mekundu. Ukikata fimbo yake na kuichomeka ardhini wakati wa mvua, inashika. Baba zao waliweka mipaka kwa muuti, na babu zao pia. Ukiona fimbo za muuti zimesimama kwa mstari, huulizi, unajua shamba la mtu limeishia hapo, na unalima hadi shinani mwake ili usimwachie jirani hata unyayo. Walipogawiwa mashamba walizikuta fimbo hizi zimesimama, zimetoa majani. Kila mmoja alishukuru kwamba mpaka wake ulikuwa tayari.

Alikwangua kwa ukucha karibu na kichwa cha fimbo, pale ambapo chipukizi lilikuwa limepasua ganda. Magamba membamba yalidondoka kiganjani. Yalikuwa mekundu. Ilikuwa rangi ya mkebe.

Akainua macho, akaufuata mstari. Muuti baada ya muuti, yenye majani mabichi, ikishuka kutoka shamba lake hadi la Cicily, hadi la mzee Bundi, hadi kwenye mashamba ya watu ambao kwa mbali hakuweza kuwatambua ila kwa namna walivyoinama. Wote walikuwa wakilima. Wote walikuwa wakilima hadi shinani.

"Cicily. Mpaka huu aliupanda nani?"

"Si Foresta? Yeye ndiye alitugawia."

"Alitugawia. Alipanda yeye?"

Cicily alitazama magamba mekundu kiganjani mwa mwenzake. Kisha alitazama nyuma, kwenye sehemu ya shamba lake aliyokuwa amelima asubuhi hiyo, na mkono wake ukaenda wenyewe kumpapasa mtoto mgongoni.

"Karwirwa, nisikilize. Walipofunga kile kipande cha kijitoni, wenye mashamba walienda wapi?"

Karwirwa aliwakumbuka. Walikuwa wameambiwa wangoje. Na kwa sababu mahindi yalikuwa ya wanaolima tu, asiye na shamba hakuwa na foleni ya kusimama. Wengine sasa walikuwa mjini Maua wakichuma miraa ya watu. Wengine hawakujulikana walipo.

"Mimi sijaona kitu," Cicily alisema. "Na wewe, kama una akili, hujaona."

*

Ofisi ya msitu ilinuka mbao mbichi na chai. Munyi, ambaye kila mtu alimwita Foresta, alikuwa mtu wa Embu, msafi, mwenye sauti ya upole inayotumiwa na watu wasiolazimika kuipandisha. Kwenye baraza yake kulikuwa na kibao kikubwa kilichoegemezwa ukutani ili rangi ikauke: ARDHI HII IMEFANYWA SALAMA. Chini yake palikuwa na picha ya mikono miwili inayoshikana.

"Karibu, mama. Kwa miguu hiyo utanilimia sakafu, lakini karibu."

"Foresta, shambani kwangu kuna bomu."

Munyi alimeza chai yake kwanza. "Kuna jiwe."

"Lina mapezi."

"Mambo ya mabomu umeyasomea wapi, mama?"

"Sikusoma. Nilizika."

Munyi alikiweka kikombe chini taratibu. "Muthamia aliuawa na jiwe. Ulipewa pole. Ulipewa gunia. Na hapa mwanamume akifa shamba linarudi ofisini, wewe unajua. La Muthamia mbona halikurudi? Ni nani alifumba macho?"

"Ni wewe."

"Ni mimi. Leo unaniletea bomu."

Karwirwa alifungua ngumi akaweka magamba mekundu juu ya meza. "Ile miti si mpaka. Ni alama za watu wa mashine. Kila mahali ilipo, chini yake kuna chuma. Sisi tunalima hapo."

Munyi aliinuka akafunga mlango. Aliporudi hakuketi.

"Vigingi vyao vya chuma viliisha," alisema. "Wakakata fito karibu. Huyo Mzungu alidhani fito ni fito. Kwao ukichomeka kijiti kinakauka. Alisema akitoka likizo atarudi afukue. Hakurudi. Pesa ya kazi hiyo ilipelekwa kwenye vita vya wengine, vipya kuliko vyetu."

"Na wewe ulipotugawia ulijua?"

"Nilikuta mistari imenyooka. Watu walikuwa na njaa, mama. Ungetaka niwaambie wangoje nini?" Alipuliza magamba kutoka mezani. Yalianguka sakafuni kwenye tope la miguu ya Karwirwa. "Alhamisi wageni wa shirika wanakuja kufunga mradi. Wakiona mteremko umelimwa, mahindi yataendelea hadi mavuno. Wakisikia bomu, wanafunga kila kitu, na lori linarudi lilikotoka. Nitafunga mstari wote, siyo shamba lako peke yako. Na watu wakiniuliza nani alisema, mimi si mtu wa kudanganya. Nitawaambia."

"Waambie basi wasilime pale kwenye miti. Hilo tu. Waache nafasi."

"Niwaambie kwa sababu gani?"

Alisimama akimngoja ajibu, kama mwalimu anayemngoja mtoto. Karwirwa alitoka. Alipokuwa akishuka ngazi alimsikia akizungumza na askari wa msitu, kwa sauti yake ile ile ya upole.

"Kesho ng'oeni vile vijiti vya mpakani. Vinafanya shamba lionekane ovyo."

*

Waling'oa yote. Karwirwa alijaribu kuwafuata nyuma aweke jiwe kila walipong'oa, na askari mmoja, aliyekuwa kijana wa heshima, akamwambia, "Mama, tafadhali, usitutie taabuni," huku akiyasukuma mawe kwa kiatu. Mvua ya jioni ilimalizia. Asubuhi mashimo yalikuwa yamejaa, na mteremko ulikuwa mweusi, laini, wa kupendeza, wenye matuta yaliyopita moja kwa moja kutoka shamba hadi shamba. Mahali alipopajua palibaki pale kwake tu. Alikata matawi ya miiba akayarundika hapo juu.

Alitembea kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Mzee Bundi alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Binti yangu, mimi nina njaa na wewe una bomu. Lako halijalia bado. Yangu inalia." Akarudi kuinama. Wengine hawakumwacha amalize. Mwanamke mmoja alimwuliza, huku wenzake wakicheka, kama anayataka mashamba yao yote ili awe mke wa Foresta.

Jumatano, jua likiwa bado juu, Cicily alikuja nyumbani kwake pamoja na mumewe, Mwiti. Mwiti alikuwa na furaha asiyoweza kuificha. Alivaa fulana mpya nyeupe yenye ile mikono miwili kifuani.

"Nimepata kazi ya shirika," alisema. "Nimepewa fulana na gunia langu la ziada. Kesho ni mimi nachimba shimo la kile kibao, wageni wakitazama."

"Shimo litakuwa wapi?"

"Pale watakaponionyesha."

Karwirwa alimtazama Cicily. Cicily alikuwa ameinama juu ya sufuria ya mwenyeji wake, akikoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Hujamwambia?"

"Kuniambia nini?" Mwiti aliuliza.

"Kwamba fulana inakufanya uonekane kama mtoto wa ubatizo," Cicily alisema. Mwiti akacheka. Cicily hakucheka.

*

Alhamisi lori lilisimama barabarani, turubai limefungwa kwa kamba. Mahindi yasingeshushwa kabla kibao hakijasimama. Watu walikuwa wamefika mapema, sufuria, mabeseni na magunia matupu chini ya kwapa, na kila upepo ulipopiga turubai vichwa vyote viligeuka.

Mgeni wa shirika alikuwa mwanamke wa Nairobi, mwenye buti mpya za mpira na uso mchangamfu. Hakuwa na majivuno. Aliwasalimia wazee kwa kuinama, akajaribu salamu ya kwao, "muga," na watu wakafurahi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Karwirwa alikuwa ameogopa kwamba hataelewana naye, na sasa hofu hiyo ilikwisha. Alipenya katikati ya watu akasimama mbele yake.

"Mama, mimi naitwa Karwirwa. Lile shamba pale ni langu. Chini ya ile miiba kuna bomu. Na mengine yapo kwenye mashamba haya yote. Alama zilikuwepo, juzi zimeng'olewa."

Mgeni alimgeukia Munyi.

"Mume wake alifariki hapa," Munyi alisema chini kwa chini, kwa huruma. "Jiwe lilipasuka kwenye moto. Tangu siku hiyo anasikia mabomu kila mahali. Tunamvumilia."

Uso wa mgeni ulilainika. Alichukua mkono wa Karwirwa akaushika kwa mikono yake miwili, sawasawa na ile picha ya kwenye kibao.

"Pole sana, mama. Pole kabisa. Ni kwa ajili ya watu kama wewe ndiyo tulikuja." Hakuuacha mkono. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliwatazama wengine. "Kuna mwingine aliyeona kitu?"

"Cicily aliona," Karwirwa alisema. "Tulikuwa pamoja. Cicily, sema."

Watu walifungua njia kumtazama Cicily. Mtoto mgongoni alikuwa akinyonya ncha ya leso. Cicily alilitazama lori. Akawatazama majirani, na macho ya majirani hayakuwa na swali ndani yake, yalikuwa na onyo.

"Niliona jiwe," alisema.

Watu wakapumua. Mgeni akaubonyeza mkono wa Karwirwa mara ya mwisho akauachia, na Munyi akaanza kuwaongoza kushuka kuelekea kwenye kijito, akieleza kwamba amepaandaa mahali pazuri pa kibao, karibu na daraja. Lakini mgeni alikuwa amesimama. Ukungu ulikuwa umepasuka na vilele vya mlima vikatokea, vyeupe, juu ya msitu. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja.

"Hapa," alisema. Alikuwa akionyesha rundo la miiba. "Picha ikipigwa hapa mlima wote unaonekana."

"Pale chini pangefaa zaidi, madam," Munyi alisema.

"Kwa nini? Pana shida?"

Munyi alifungua mdomo. Watu wote walimtazama, na mgeni alimtazama, na kibao chenye maandishi yake kilikuwa pale pale kikishikiliwa na askari wawili.

"Hapana," alisema. "Hakuna shida."

Waliondoa miiba kwa uma wa shambani. Karwirwa alipita kati yao akaketi pale ilipokuwa. Hakupiga kelele. Alikunja miguu chini ya nguo yake na kuweka viganja juu ya udongo, mmoja kila upande, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake nyumbani. Baadhi ya watu walicheka. Wengine walisema anaonea uchungu udongo wa shimo la kibao, na kwamba mjane huyu atawalaza watoto wao njaa. Askari walimwinua kwa makwapa, na yule kijana wa heshima akamwomba radhi tena. Walimshika kando ya barabara, karibu na gurudumu la lori.

"Mwiti," alisema kutoka pale. "Mwulize mkeo."

Mwiti alikuwa ameshashika mtaimbo. Alicheka kidogo, akamtazama mkewe kama mtu anayetazama upande wa mzaha unakotoka. Cicily alikuwa mstari wa mbele. Midomo yake ilifunguka. Nyuma yake dereva alikuwa amepanda juu ya lori akianza kufungua kamba ya turubai, na fundo la kwanza lilipolegea watu walisogea mbele kwa pamoja, wakamsukuma, na alichotaka kusema, kama kilikuwepo, kikabaki ndani.

Mtaimbo ulishuka. Udongo ulikuwa laini, uliunywa bila sauti. Mwiti aliung'oa, akaupiga tena pale pale.

Ardhi iliitika.

Ililia kwa muda mrefu, sauti ya ringi, ikapita chini ya miguu ya watu wote, na hakuna aliyekuwa mteremkoni ambaye hakuisikia. Hata mtoto aliacha kunyonya leso. Mwiti alisimama akiitazama mikono yake. Kisha akamtafuta mkewe kwa macho, na kumwona amemgeuza mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, anarudi nyuma, nyuma, akiwapiga watu vikumbo.

"Nini hiyo?" mgeni aliuliza, kamera ikiwa tayari jichoni.

"Ni jiwe," alisema Munyi, kutoka mbali kuliko alipokuwa amesimama mwanzo. "Piga tena."